Mbolea ya brokoli isiwe mbichi

Mwaka uliopita tulitia mavi mabichi ya kuku penye miche ya brokoli, ndugu ya shu. Kisha siku chache majani yakaungua, miche ikakufa. Kosa ni letu: mavi mabichi yana amonia nyingi, inachoma mizizi.

Sasa tunalundika majani makavu, majani mabichi na mavi; tunanyunyizia maji, tunageuza kila majuma 2. Kisha miezi 3 ao 4 inakuwa nyeusi, inanuka kama udongo wa pori. Hapo tunaichanganya na udongo, tunapanda kwa nafasi ya santimetri 45. Kichwa tunakikata kingali kijani, maua hayajafunguka.

Mwenye kutaka kujifunza, aje bustanini siku ya posho.