Mhudumu Aliyewahi Kunywa

Mwanamke aliyeacha pombe, akaajiriwa katika kituo cha kuachisha pombe kuwahudumia wanawake wenzake, huja na ujuzi usiofundishwa darasani: anaujua uongo wa mlevi kwa kuwa aliwahi kuusema. Utaratibu wa mraibu kumsaidia mraibu mwenzake ulipata nguvu mwaka 1935 huko Akron, Ohio, Bill Wilson na daktari Bob Smith walipoanzisha Alcoholics Anonymous. Waliohudhuria wengi walikuwa wanaume. Mwaka 1975 Jean Kirkpatrick alianzisha Women for Sobriety, akishikilia kwamba wanawake walevi wanahitaji kujengewa heshima ya nafsi zao kuliko kufundishwa unyenyekevu. Alisema kweli. Nchini Kenya mwanamume akilala mtaroni husemwa wiki moja. Mama husemwa mpaka binti zake waolewe. Ndiyo maana hunywea jikoni, mlango umefungwa, na kufika kituoni akiwa amechelewa. Mwili nao haumsaidii: maji yake ni machache kuliko ya mwanamume, hivyo kiasi kilekile cha pombe huwa kikali zaidi damuni, na ini huharibika mapema.

Kazi ya mhudumu ina hatua tatu. Ya kwanza ni usalama. Anayekunywa sana kila siku akikatizwa ghafla hutetemeka na kutokwa jasho. Degedege laweza kumpata ndani ya saa 48, na kuweweseka kwa hatari huweza kufuata. Hayo ni ya daktari, mwenye diazepamu na vitamini B1. Mikoba hukaguliwa pia, maana vitakasa mikono na baadhi ya dawa za kusukutulia mdomo vina pombe. Wauzaji wa unga wa kuachisha pombe, ule wa kutiwa chaini kwa siri, hawastahili heshima yoyote. Hawasemi una nini, mgonjwa hawamjui, na wanamfundisha mume kumlisha mkewe kitu asichokikubali. Aliyewahi kutendewa hivyo hukataa hata chai ya kituo, mpaka mhudumu aonje kwanza kikombe kilekile.

Hatua ya pili ni watoto, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Siku ya tatu au ya nne, mitetemeko ikipungua, mama hufunga mfuko wake: mtoto anaumwa, lazima aende. Washauri wengi humjibu kwamba hiyo ni kiu ya pombe. Huenda ni kiu, lakini huenda pia mtoto anaumwa. Mhudumu mzoefu hulimaliza jambo hilo siku ya kuingia, kabla hata kitanda hakijatandikwa. Humkalisha mama pamoja na atakayebaki na watoto, na yote huandikwa kwenye karatasi moja: nani anampeleka mdogo shuleni, dawa ya pumu iko wapi, karo inadaiwa kiasi gani, jirani yupi ana pikipiki usiku. Saa ya simu hupangwa jioni, wakati uleule ambao wengi walikuwa wakianza kunywa. Wote wawili hutia sahihi.

Katika kituo kimoja cha Kiambu, muuza mboga alifika langoni mfuko begani, mvua ikinyesha. Mhudumu hakubishana naye. Alitoa karatasi, akampigia nyanya wa watoto, kisha akamkabidhi mama simu. Homa ilikuwepo kweli, na nyanya alikwisha kumpeleka mtoto zahanati. Mama akauliza kama amekunywa uji. Akauliza kama uji ulitiwa sukari, kama amevalishwa sweta, na sweta ipi. Aliendelea kutoa maagizo palepale langoni mpaka salio likaisha, ndipo akarudi ndani kuuliza kama chakula cha jioni kimebaki.

Hatua ya tatu, kurudi nyumbani, huanzia kwenye karatasi hiyohiyo. Aliyekuwa akipika chang'aa ili alipe karo iliyoandikwa pale anahitaji riziki nyingine kabla ya kuruhusiwa, la sivyo anarudishwa kwenye pipa lenyewe.

Mhudumu naye ana mahitaji yake. Vituo vingine humgeuza aliyepona kibarua wa bure, kwa kisingizio kwamba kazi ndiyo dawa yake. Huo ni unyonyaji. Anastahili mshahara, mafunzo ya ushauri nasaha, zamu zenye mapumziko, na kikundi chake cha kukutana nacho nje ya kituo, ambako hakuna anayemwita mhudumu.