Ile asilimia 3 iliyokatwa kwenye malipo yako haijapotea

Somo la ushuru kwa mafundi, wanakandarasi, wenye nyumba za kupangisha na wafanyabiashara wadogo

Fundi amemaliza kujenga vyoo vya soko katika wadi yake. Kazi imekaguliwa na malipo yameingia benki. Anaangalia salio na kukuta pesa ni pungufu. Mkataba ulikuwa wa shilingi 600,000, zilizoingia ni 582,000. Swali lake la kwanza ni nani amekula 18,000.

Hakuna aliyezila. Sheria ya Ushuru wa Mapato inamtaka anayelipia kazi ya ujenzi ya shilingi 24,000 au zaidi kwa mwezi akate asilimia 3 na kuituma kwa Mamlaka ya Ukusanyaji Ushuru, KRA, kwa jina la aliyefanya kazi. Pesa hizo hazibaki katika hazina ya kaunti. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaipa serikali ya kitaifa pekee mamlaka ya kutoza ushuru wa mapato.

Jambo ambalo wengi hawaelezwi ni hili: kwa mwanakandarasi mkazi wa Kenya, asilimia hiyo 3 ni malipo ya awali, si ushuru wa mwisho. Huhesabiwa kama ushuru uliokwisha kulipa, na ikizidi unachodaiwa unaweza kuomba urudishiwe. Ila ni lazima uwasilishe ritani ya mwaka, na uwe na risiti.

Tupige hesabu

Tuseme huo ndio mradi wake pekee mwaka huo na hana mapato mengine. Saruji, mabati, mbao, mchanga na vibarua viligharimu 480,000. Faida ni 120,000. Mtu binafsi hutozwa asilimia 10 kwa shilingi 288,000 za kwanza za faida ya mwaka, kwa hivyo ushuru ni 12,000. Lakini mkazi hupewa nafuu ya shilingi 28,800 kwa mwaka, nayo inafuta ushuru huo wote. Hadaiwi chochote. Ile 18,000 ni yake, na anaweza kuiomba KRA.

Sasa tubadilishe kitu kimoja tu. Gharama ni zile zile, ila vifaa vya shilingi 300,000 alivinunua bila ankara ya eTIMS. Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliwi katika hesabu ya ushuru wa mapato, isipokuwa chache kama mishahara. Kwa KRA, faida yake sasa ni 420,000:

- 288,000 za kwanza kwa asilimia 10: 28,800
- 100,000 zinazofuata kwa asilimia 25: 25,000
- 32,000 zilizobaki kwa asilimia 30: 9,600
- Jumla: 63,400
- Ukiondoa nafuu ya 28,800: 34,600
- Ukiondoa 18,000 zilizokatwa: anadaiwa 16,600

Kazi ni ile ile na faida halisi ni ile ile. Mwenye ankara anarudishiwa 18,000, asiye nazo anatakiwa kuongeza 16,600. Tofauti ya 34,600 ni zaidi ya robo ya faida yake yote, na imetokana na karatasi tu.

Je, mchanga na matofali?

Wengi wanaotuuzia mchanga, kokoto na matofali hawajajiandikisha kwa eTIMS. Tangu Desemba 27, 2024, sheria inaruhusu mnunuzi atoe ankara mwenyewe pale anaponunua kwa mfanyabiashara mdogo au mkulima ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka. Elewaneni kabla lori halijapakiwa, kwani baadaye huenda usimpate.

Mwenye nyumba za kupangisha

Iwe ni vyumba vya wanafunzi Kwa Vonza, karibu na Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, au nyumba za familia Wote na Emali, kanuni ni moja. Kodi ya nyumba za kuishi ikizidi shilingi 288,000 kwa mwaka lakini isizidi milioni 15, ushuru ni asilimia 7.5 ya kodi uliyopokea. Zamani ulikuwa asilimia 10; ulipunguzwa kuanzia Januari 2024. Mwenye vyumba 8 vya shilingi 4,000 hupokea 32,000 kwa mwezi na kulipa 2,400, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Hapa gharama za ukarabati haziondolewi. Vyumba vya maduka na ofisi haviko katika mpango huu. Kodi yake huingia katika ritani ya kawaida ya mwaka.

Mwenye duka

Leseni ya biashara unayolipia kaunti haichukui nafasi ya ushuru wa KRA. Mauzo yakizidi shilingi milioni 1 kwa mwaka lakini yasizidi milioni 25, kuna ushuru wa mauzo wa asilimia 3, unaotozwa kwa mauzo yote, si kwa faida. Nao hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Andika mauzo ya kila siku kwenye daftari, la sivyo hutajua ulivuka milioni 1 lini.

Mambo manne ya kufanya

1. Kabla ya kulipia vifaa, itisha ankara ya eTIMS yenye PIN yako.
2. Ukilipwa na asilimia 3 ikakatwa, ingia iTax uhakikishe cheti cha makato kipo. Kikikosekana, rudi kwa aliyekulipa mapema.
3. Kama nawe unauza bidhaa au huduma, jiandikishe kwa eTIMS. Ni bure, na hata simu ya kawaida inatosha kupitia *222#.
4. Wasilisha ritani kabla ya Juni 30 kupita, hata kama hukupata kazi mwaka huo. Faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, kubwa kati ya hizo mbili.

Ukikwama, Huduma Centre zipo Wote na Kitui mjini. Beba kitambulisho, PIN na risiti zako zote, hata zilizokunjamana.