Programu ya Kalori: Uendelee Nayo au Uifute?

Watu wengi hapa Maskati hupakua programu ya kuhesabu kalori kwa sababu moja kati ya mbili: Idi imepita na kanzu imebana, au daktari wa kituo cha afya ametazama majibu ya maabara akasema sukari iko mpakani. Wala si jambo la wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanyika Oman mwaka 2017 ulikuta kwamba takriban watu wazima wawili kati ya kila watatu wana uzito uliozidi, na zaidi ya mmoja kati ya kila kumi ana kisukari. Mwaka 2019 serikali iliitoza soda kodi ya asilimia 50, na mwaka uliofuata kodi hiyo ikagusa vinywaji vingine vilivyotiwa sukari. Kuanza kuhesabu, basi, ni jambo la maana. Suala gumu huja baadaye, mwaka unapokaribia kutimia na bado mtu hamegi chapati mpaka atoe simu. Aendelee hivyo mpaka lini?

Nionavyo mimi, programu hizi ni za kujifunzia. Kikubwa zinachofundisha ni kiasi: sahani yako ya wali ni kubwa kuliko ulivyodhani, na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia ni kama kalori 120. Somo hilo huingia katika wiki za mwanzo. Baada ya hapo, kigezo cha kuendelea nayo ni kimoja tu: je, ile namba bado inabadilisha unachopakua kwenye sahani? Ikiwa unaandika, unaiona, kisha unakula vilevile, basi umebaki na kazi ya ukarani usiyolipwa.

Lakini kuandika chakula kunasaidia, tena sana. Utafiti wa Kaiser Permanente wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, uliowahusisha watu karibu 1,700, ulionyesha kuwa walioandika chakula chao kila siku walipungua takriban mara mbili ya wale wasioandika kabisa. Mwingine wa 2019 ulipima muda wenyewe: mwezi wa kwanza watu walitumia kama dakika 23 kwa siku kuandika, na kufika mwezi wa sita zilikuwa zimeshuka hadi chini ya 15. Waliopungua zaidi hawakuwa wale waliokaa na simu muda mrefu, bali walioandika mara nyingi, kidogo kidogo. Kwa hiyo anayesema "sina nafasi" ana hoja dhaifu. Mwenye hoja nzito ni yule anayeuliza kama namba yenyewe ni ya kweli.

Namba hiyo ni makisio yaliyorundikwa juu ya makisio. Mkemia wa Marekani Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19, ndiye aliyetuachia vipimo vinavyotumika mpaka leo: gramu moja ya wanga kalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9. Huo ni wastani. Mwaka 2012 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani waliwalisha watu lozi na kupima upya, wakakuta mwili unapata kama kalori 129 kwa gramu 28, wakati vibandiko vilikuwa vikisema 170. Juu ya wastani huo kuna orodha ya vyakula ya programu, ambayo katika MyFitnessPal sehemu kubwa imejazwa na watumiaji wenyewe; tafuta "biryani" uone majibu yanavyopishana. Juu ya orodha kuna kumbukumbu yako. Utafiti maarufu wa 1992 ulichukua watu waliolalamika kwamba hawapungui hata wakila kidogo. Ilionekana walikuwa wakitaja nusu tu, au zaidi ya hapo kidogo, ya walichokula, na mazoezi wakiyatia chumvi kwa kiasi kama hicho.

Saa ya mkononi nayo haiaminiki sana kwa hesabu ya kalori. Chuo Kikuu cha Stanford kilipima saba za namna hiyo mwaka 2017. Mapigo ya moyo zilipata vizuri, lakini kwa kalori zilizotumika, iliyokuwa bora kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Ukitembea ufukwe wa Qurum alfajiri, saa ikakwambia umeunguza 400, programu ikakuongezea 400 za kula, hapo ndipo wengi wanapokwama miezi bila kujua kwa nini. Zima kipengele hicho. Na programu ikikuambia leo umekula 1,847, wewe soma: mahali fulani kati ya 1,500 na 2,200.

Sinia na pakiti

Kwetu sisi tuliolelewa kwa vyakula vya Unguja na kuvikuta vya Oman, au kinyume chake, tatizo limezidi. Chukua sinia ya bokoboko siku ya Ijumaa. Ngano na nyama vimepondwa vikawa kitu kimoja, katikati kuna kishimo cha samli inayong'aa, na mikono sita inaingia kila mmoja kwa upande wake. Aliye karibu na kishimo anakula chakula kingine kabisa na aliye ukingoni, ingawa sinia ni moja. Uandike nini? Gramu ngapi? Shangazi mwenyewe aliyeipika hapimi samli. Anaikadiria kwa jicho, na jicho lake ni la ukarimu.

Pakiti ya Chips Oman, kwa upande wake, programu inaijua mpaka tarakimu ya mwisho. Ielekeze kamera kwenye ile mistari myeusi na kila kitu kinajiandika. Hapa kuna hila ambayo watu hawaioni mapema: programu inakuvuta pole pole kwenye chakula cha kiwandani kwa sababu ndicho kinachohesabika kwa urahisi. Nawajua watu walioacha samaki wa kupaka wa nyumbani wakahamia baa za protini za dukani, kisa tu baa ina kibandiko. Ukijiona unachagua chakula kwa wepesi wa kukiandika, hiyo peke yake inatosha kuifuta.

Kwa vyakula vya chungu, kuna njia ya kufanya mara moja na kumaliza. Chukua wali wa nazi. Pima mchele mkavu kwa mizani ya jikoni: nusu kilo ina kama kalori 1,800. Kopo moja la tui la mililita 400 lina takriban 700 (soma kibandiko, makopo hayalingani). Jumla ni kama 2,500. Wali ukiiva, pima chungu kizima na utoe uzito wa chungu kitupu. Tuseme unabaki kilo moja na nusu kasoro kidogo. Gawanya: kila gramu 100 ina kama kalori 170, ilhali wali mweupe wa maji una 130 hivi. Sahani ya gramu 300, basi, imepishana kwa kama kalori 120. Fanya hivyo kwa vyakula sita au saba mnavyovipika kila wiki, andika kwenye karatasi, bandika ndani ya mlango wa kabati. Umeshapata orodha ya nyumba yenu, na hakuna programu itakayokupa iliyo bora zaidi.

Ramadhani inaivuruga programu kwa namna yake. Programu nyingi zinafunga siku saa sita ya usiku, wakati mlo wetu wa mwezi huo unaanza magharibi na kumalizikia dakuni. Daku ya leo inaandikwa kesho, futari na daku zinatengana, na majumla hayana maana. Nashauri uiache mwezi mzima. Uangalie mambo mawili tu: vinywaji vitamu, na vitu vya kukaanga mezani kabla ya chakula chenyewe.

Inapokugeukia

Zipo dalili ambazo si za kupuuza. Unakataa mwaliko kwa sababu hujui watapika nini. Mwenyeji anakusogezea tende na kahawa, nawe unapiga hesabu badala ya kumsikiliza. Unajinyima kesho kulipia halwa ya leo. Unaidanganya programu, yaani unakula bila kuandika, kisha unaona aibu mbele ya simu. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliwauliza watu 105 waliokuwa na maradhi ya ulaji: takriban robo tatu walikuwa wamewahi kutumia MyFitnessPal, na wengi wa hao walisema ilichangia maradhi yao. Hilo halithibitishi kwamba programu ndiyo inayoleta maradhi, kwani huenda mwenye mwelekeo huo ndiye anayeipenda zaidi. Ila linatosha kusema kwamba aliyewahi kuugua maradhi ya ulaji, mjamzito, anayenyonyesha, na kijana anayekua hawafai kuachiwa peke yao na kifaa cha kuhesabu.

Binti wa miaka 15 akianza kupima tunda kwa gramu, mzazi asicheke wala asimpongeze kwa nidhamu. Pa kuanzia ni kituo cha afya cha mtaa wenu, ambacho kinaweza kumwelekeza mbele. Kwa maradhi ya akili Maskati ina hospitali ya Al Masarra kule Al Amerat, na hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos pale Al Khoudh.

Wapo wanaopaswa kuendelea. Anayejidunga insulini kwa kufuata kiasi cha wanga anahitaji hesabu ya wanga kila mlo, na kalori kwake ni jambo la pembeni. Anayetumia sindano za kupunguza hamu ya chakula anaweza kuihitaji kwa sababu iliyo kinyume na wengine, kuhakikisha anakula vya kutosha, hasa protini. Mzee anayepungua bila kukusudia vilevile. Na kwa yeyote anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vya aina ya gliklazaidi, kupunguza chakula ghafla kunaweza kuishusha sukari kiasi cha hatari. Mwone daktari kwanza dozi ipangwe upya.

Kuacha kwa mpango

Kuacha kwa hasira siku moja ndiko kunakorudisha kilo zote. Jipe wiki mbili za mtihani: kabla ya kufungua programu, sema kwa mdomo sahani hii ina kalori ngapi, ndipo uandike uone. Ukiona unakaribia kwenye milo mingi, somo limeingia. Ukiona unakosea kila siku kwenye kitu kilekile, na mara nyingi kitu hicho ni mafuta au chai ya karak, basi andika hicho tu na mengine yaache.

Weka badala yake vipimo vichache visivyodai chochote wakati wa kula. Panda mizani mara moja kwa wiki, asubuhi ileile, kabla ya kifungua kinywa. Pima kiuno kwa utepe: taasisi ya NICE ya Uingereza inashauri kiwe chini ya nusu ya urefu wako. Na tarehe uliyofungua chupa ya mafuta iandike kwa kalamu kwenye chupa. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Chupa ya lita moja na nusu ina kalori kama 12,400. Nyumba ya watu watano ikiimaliza kwa siku kumi, kila mmoja amekula takriban 250 kwa siku za mafuta ya chupa peke yake; ikiisha kwa wiki moja, ni 350. Hapo unapima ulaji wa nyumba nzima bila mtu kutoa simu mezani.

Weka pia mpaka wa kurudi. Uzito ukipanda kilo mbili na ukabaki huko wiki tatu, fungua programu kwa wiki moja, tafuta kilichobadilika, kisha ifunge. Baadhi ya watu huirudia kwa msimu: baada ya Idi kubwa na shuwa yake, au wakitoka likizo Unguja, ambako kila nyumba ya jamaa ina sahani inayokungoja.

Kabla ya kuifuta, kuna jambo la fedha na jambo la siri. Kuondoa programu kwenye simu hakusitishi malipo; kadi itaendelea kukatwa. Na kumbukumbu zako za uzito na chakula zinabaki kwenye kompyuta za kampuni: mwaka 2018 taarifa za akaunti zipatazo milioni 150 za MyFitnessPal zilivuja, ikiwamo anwani za barua pepe. Oman ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, iliyotolewa kwa Amri ya Sultani namba 6 ya 2022, lakini kampuni nyingi za programu hizi ziko nje ya nchi. Anza kwa kusitisha usajili kupitia duka la programu la simu yako. Pakua nakala ya kumbukumbu zako, maana daktari au mtaalamu wa lishe anaweza kuihitaji. Omba akaunti ifutwe kutoka ndani ya mipangilio, usubiri uthibitisho kwa barua pepe, ndipo uiondoe kwenye simu.