Kagua Saa Kabla ya Neno la Siri
Hapa Bwiza nilikuwa naunganisha seva ya Linux na Active Directory, daftari la watumiaji la Windows. DNS ilikuwa sawa, neno la siri sahihi, lakini nikakataliwa.

Kosa lilikuwa saa. Seva ilikuwa na majira ya Nairobi, nami nikairudisha nyuma saa moja kwa mkono. Kwa macho ililingana na Bujumbura; kwa UTC ilikosea saa nzima. Kerberos kwa kawaida huvumilia dakika 5 tu, ili ombi lililonaswa na mwizi lisirudiwe baadaye.

Nikaweka Africa/Bujumbura, chrony ikafuata saa ya seva ya Windows, ndipo realm join ikakubali.

Ndugu zangu, swala ina wakati wake, seva pia.