Dondoo muhimu: Bustani ya kikuba

Ua mdogo wa nyumba ya Mji Mkongwe unatosha kwa asumini na rehani za kikuba, kile kishada cha maua na majani yanayonukia, kila mmea kwenye debe lake lililotobolewa chini. Asumini iweke panapopiga jua la asubuhi, uipogoe ikimaliza kuchanua, maana maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Vitumba vichume alasiri, vikiwa vyeupe lakini bado vimefumba. Jioni vitafunguka vyenyewe ndani ya kikuba. Rehani ikate vichwa mapema, isije ikakimbilia kuzaa mbegu. Mlangilangi ni mti mkubwa, uachie shamba. Mkadi una miiba, na maua yanayonukia ni ya mti dume tu. Usichukue mche kwa kuambiwa: omba chipukizi la mkadi uliokwisha kuunusa mwenyewe.