Yaya, Jirani au Nyanya?

Gharama ya yaya huanzia kwenye kima cha chini cha mshahara, wala si kwenye bei ya mapatano ya jikoni. Kwa viwango vya Kenya vya Novemba 2024, baada ya nyongeza ya asilimia 6, mfanyakazi wa nyumbani katika maeneo ya mashambani, kama Malinya katika kaunti ya Kakamega, anastahili takriban shilingi 8,600 kwa mwezi. Nairobi na Mombasa kiwango kinapita 16,000.

Hapo ndipo hesabu ya msomaji mmoja wa Malinya ilipopinda. Katika barua yake anaeleza kuwa anauza katika duka la dawa mjini Kakamega, Jumatatu hadi Jumamosi, kwa mshahara wa 20,000. Ana mtoto wa miezi saba na kifungua mimba wa miaka minne aliyeingia PP1 (darasa la kwanza la chekechea), ambaye hutoka shule adhuhuri. Njia alizo nazo ni tatu: binti wa shemeji yake, mwenye miaka 15, kwa shilingi 4,000, jirani anayeshika watoto kwa 100 kwa siku, na mama mkwe, ambaye kwa maneno ya barua “ni bure”.

Njia ya kwanza haifai hata kupigiwa hesabu. Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mtoto wa miaka 13 hadi 16 kazi nyepesi tu, isiyomkatiza masomo. Kushinda na mtoto mchanga kutwa, kufua, kupika na kuamka naye usiku si kazi nyepesi. Huyo binti mahali pake ni darasani.

Badala yake, yaya mtu mzima anayelala kwa mwajiri ana gharama zaidi ya ule mshahara wa 8,600. Mwajiri huchangia mfuko wa uzeeni wa NSSF asilimia 6, yaani kama 516, na ada ya nyumba asilimia 1.5, kama 129. Jumla ni 9,245 kabla ya chakula na sabuni yake. Asipolala hapo, posho ya nyumba huongezeka, kwa kawaida asilimia 15 ya mshahara. Mchango wa bima ya afya ya SHA hukatwa kwenye mshahara wake mwenyewe, lakini kuuwasilisha ni jukumu la mwajiri. Kuna pia siku moja ya mapumziko kila wiki, na siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kila mwaka. Katika siku hizo mtu mwingine atahitajika, naye atalipwa. Kwa ufupi, karibu nusu ya mshahara wa mama huyu ingeishia hapo.

Kwa siku 26 za kazi, jirani atataka 2,600 kwa mtoto mchanga. Akikubali nusu bei kwa yule wa PP1 anayefika mchana, ni 1,300 zaidi: jumla 3,900. Tofauti ni kubwa, ila yaya hushika watoto wawili au wanne kwa mshahara uleule, na kazi za nyumba hufanyika. Jirani hulipwa kwa kila kichwa, na matatu ikichelewa jioni huenda akadai zaidi.

Mama mkwe naye si bure hata kidogo. Msimu wa palizi, siku anayoshinda na mjukuu ni siku ambayo mahindi yake yanamezwa na magugu, au analipa vibarua wampalilie. Hasara hiyo ipo, isipokuwa haionekani kwenye pochi ya mkaza mwana.

Kwa mshahara huu na watoto hawa, mpango unaobebeka ni kumpeleka mchanga kwa jirani, na nyanya kumpokea mkubwa anapotoka shule mpaka jioni. Zile 1,300 zilizookolewa apewe nyanya kila mwezi bila kungoja aombe. Yaya aangaliwe upya akipatikana mtoto wa tatu, au mume akichangia angalau nusu ya gharama. Barua haisemi lolote kuhusu mchango wake, na hilo ni swali la kuulizwa nyumbani kabla ya mengine yote.

Kabla ya kulipa, inafaa kufika kwa jirani saa nne asubuhi bila taarifa, kuhesabu ni wachanga wangapi anaowashika peke yake, na kuona wanalala wapi na maji ya kunywa yanatoka wapi. Wakiwa wachanga zaidi ya watatu, bei ya 100 imeshajieleza.