Miaka Hamsini Bungeni: Maisha ya Mwai Kibaki

Muhula uliopita tulikuwa na mdahalo wa Kiswahili, na hoja ilikuwa hii: yafaa mbunge akae bungeni zaidi ya miaka ishirini. Mimi nilikuwa upande wa wapingao. Nilisema kwamba kiti kikikaliwa muda mrefu huoza, na upande wetu ukashinda. Baadaye mwalimu aliniita, akaniuliza, "Katika maneno yako yote, umemtaja mbunge gani?" Sikuwa nimemtaja hata mmoja. Kwa aibu nilikwenda kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza yatupasa kujua tofauti moja. Kwetu Rwanda wabunge wengi huchaguliwa kwa orodha za vyama. Kenya kila jimbo lina mbunge wake, nao wenye jimbo waweza kumwondoa wakati wa uchaguzi. Marekani ni vivyo hivyo: John Dingell wa Michigan alikaa bungeni miaka 59, tangu 1955 hata 2015, lakini kila miaka miwili ilimpasa kurudi kuomba kura. Katika Afrika ya Mashariki mfano mkubwa ni Mwai Kibaki, ambaye alikuwa Rais wa Kenya nchi yetu ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007.

Kibaki alizaliwa mwaka 1931 katika kijiji cha Gatuyaini, Othaya, kwa wazazi wakulima. Alisoma Mang'u, shule iliyoanzishwa na wamisionari kama hii yetu, kisha Makerere, kisha London. Alirudi Makerere kufundisha uchumi. Mwisho wa 1960 aliacha kazi hiyo ya heshima, akaenda Nairobi kukitumikia chama cha KANU. Mwaka 1963 alichaguliwa kuwa mbunge wa Donholm, mjini Nairobi.

Kiti hicho hakikuwa chake bure. Mwaka 1969 Bibi Jael Mbogo alishindana naye, na Kibaki aliponea chupuchupu. Mwaka 1974 alihamia Othaya kwao, na watu wa huko walimchagua tena na tena hata alipostaafu 2013. Alikuwa Waziri wa Fedha kwa zaidi ya miaka kumi, na Makamu wa Rais tangu 1978 hata 1988. Ndipo aliposhushwa, akapewa Wizara ya Afya.

Wakati wa chama kimoja aliwahi kusema kwamba kuiangusha KANU ni kama kukata mti wa mugumo kwa wembe. Lakini Desemba 1991, vyama vingi viliporuhusiwa, yeye mwenyewe aliushika wembe: alijiuzulu, akaunda chama chake. Alishindwa urais 1992, akashindwa tena 1997. Kila mara alirudi bungeni kwa kura za Othaya, akakaa upande wa upinzani. Desemba 2002 alishinda. Aliapishwa akiwa katika kiti cha magurudumu, maana alikuwa ameumia katika ajali ya gari. Mugumo ulikuwa umeanguka.

Januari 2003 ada ya shule za msingi ilifutwa, na zaidi ya watoto milioni moja wakaingia darasani. Mwaka uliofuata hata mzee Kimani Maruge, mwenye miaka 84, alianza darasa la kwanza.

Lakini si haki kusimulia mema tu. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulileta msiba. Kibaki alitangazwa mshindi, akaapishwa jioni ile ile. Wapinzani walikataa matokeo. Watu zaidi ya elfu moja waliuawa, na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Tume ya Jaji Kriegler ilieleza baadaye kwamba hesabu ilivurugika hata haikuwezekana kujua nani alishinda. Sisi wa Rwanda tuliozaliwa baada ya 1994 twajua, kwa masimulizi ya wazazi wetu, maana ya jirani kumkimbia jirani. Februari 2008 Kibaki na Raila Odinga walitia sahihi mapatano, na mwaka 2010 Kenya ikapata katiba mpya. Kibaki alifariki tarehe 21 Aprili 2022.

Basi, mwalimu akiniuliza leo, nitajibu hivi: nilikosea. Kule Othaya kiti hakikuoza kwa wingi wa miaka, kwa sababu wenyewe waliulizwa upya kila uchaguzi. Nchi iliungua siku watu walipoacha kuamini hesabu ya kura. Mimi nina miaka kumi na tisa, na wenzangu wengi tumekwisha kuwa wapiga kura. Tusihesabu miaka ya mbunge tu. Tuulize pia nani anahesabu kura, na kwa uaminifu gani.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita